Karafuu Isiyoonekana Haiulizwi Bei



Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa mbele yenu habari ya tovuti ya Chama. Kwamba tovuti iwepo, hilo limekwisha kukubaliwa. Lililobaki ni namna ya kuitunza: fedha kiasi gani zitolewe, zitolewe kwa kazi gani, na nani aifanye kazi hiyo. Tumesikia maneno mengi mashambani juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba tovuti ni mchezo wa vijana, na mkulima ana mikarafuu yake ya kupalilia. Wako wasemao kwamba ikisha kutengenezwa, basi, kazi imekwisha. Na wako wanaotaka tumlipe bwana mmoja wa mjini, aliyeahidi kwamba kwa malipo yake atatuweka mahali pa kwanza katika Google kwa muda wa wiki mbili. Sisi katika ofisi ya Chama twaona kwamba makundi yote matatu hayakupata, na twaomba mtusikilize kabla ya kura kupigwa.

Neno letu ni moja. Tovuti ambayo mtafuta karafuu hawezi kuiona ni sawa na duka lililofunguliwa ndani ya kichaka: bidhaa imo, mwenye duka yumo, taa inawaka, na hapana mtu apitaye. Na njia ya kuifanya ionekane si uchawi, wala si fedha nyingi. Ni kuandika ukweli wa mali yetu, kwa maneno yale yale ambayo mnunuzi huyatumia anapotafuta, na kuendelea kuuandika.

JINSI MNUNUZI WA LEO ANAVYOTAFUTA

Zamani mnunuzi alikuja kwa jahazi, au alimtuma dalali. Leo mwenye kiwanda cha viungo huko Hamburg, au mwenye duka Dubai, au mpishi wa hoteli Nairobi, huanza na simu iliyo mkononi mwake. Huandika maneno mawili matatu, huletewa orodha ya kurasa, naye hufungua zile za juu. Wachache hushuka mpaka chini ya orodha, na wachache zaidi huendelea mpaka orodha ya pili. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee; na katika orodha hiyo ndivyo hasa ilivyo.

Wanachama wengi wametuuliza: orodha hiyo hupangwa na nani? Ni haki yao kujua, maana mtu hawezi kupiga kura juu ya jambo asilolielewa.

Mitambo ya kutafutia si ya jana wala juzi. Mwaka 1990 kijana mmoja aitwaye Alan Emtage, mtu wa kisiwa kama sisi, maana kwao ni Barbados, alikuwa katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada. Aliona taabu kutafuta mafaili kwa mkono katika kompyuta za mbali, akatunga programu ya kumtafutia, nayo ikaitwa Archie. Hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika intaneti. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianzisha Google, ambayo leo hutumiwa kuliko nyingine zote.

Kazi ya mtambo huu ni kama ya karani mwenye daftari kubwa. Kwanza hupita. Hutoka ukurasa mmoja hata mwingine kwa kufuata viungo vilivyomo, kama mtu apitaye njia za mashamba akihesabu nyumba. Na nyumba isiyo na njia ya kuifikia haiingii katika hesabu. Pili huandika. Kila ukurasa alioufikia huusoma na kuutia daftarini, akaweka alama una maneno gani na unasema habari gani. Tatu hupanga. Mtu akiuliza, karani hatoki tena kwenda kutafuta. Hufungua daftari lake, huchagua kurasa zinazohusu swali, na huziweka kwa safu, iliyo bora kwake juu, na nyingine chini yake.

Ubora huo hupimwaje? Google haisemi vipimo vyake vyote, lakini msingi wake wenyewe Page na Brin waliutangaza tangu mwaka 1998: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine, hasa kurasa zenye heshima, huhesabiwa kuwa na uzito. Waliosoma chuoni wataelewa upesi, maana tulifundishwa kwamba habari hupimwa kwa watu walioipokea na kuisimulia. Tangu hapo vimeongezwa vipimo vingine vingi: kama maneno ya ukurasa yanalijibu swali, kama unafunguka upesi, kama unasomeka vizuri katika simu.

Tena tangu mwaka 2024 Google imeanza kuandika jibu lenyewe juu ya orodha, kwa akili bandia inayokusanya maneno kutoka kurasa za wengine. Hapo yatupasa tuangalie sana. Mtu akiuliza karafuu nzuri hutoka wapi, akajibiwa Zanzibar, Madagaska, Komoro na Indonesia, huenda akaridhika asifungue ukurasa wo wote. Na kisiwa ambacho karafuu zake hazikuandikwa popote hakina njia ya kutajwa katika jibu hilo.

JINA LETU NA MAJAMBAZI WA SICILY

Sisi wa Mafia tuna taabu ambayo Mpemba hana. Andika neno "Mafia" peke yake katika simu yako, utaletewa majambazi wa Sicily, sinema ya The Godfather ya mwaka 1972, na mchezo wa kompyuta ulioanza kuuzwa mwaka 2002 kwa jina hilo hilo. Kisiwa chenye watu, minazi na mikarafuu kinasukumwa kando na watu wabaya wa nchi nyingine.

Kwa haki sisi ndio tuliotangulia. Habari za kale za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552, zinakitaja kisiwa chetu. Na majambazi wale hawakujulikana kwa jina hilo ila katika karne ya 19. Lakini karani wa Google si kadhi. Haamui nani alilichukua jina kwanza. Hutazama tu watu wengi wanaouliza wanataka nini. Kushindana naye kwa neno hilo moja ni kupoteza mafuta ya taa bure.

Basi tufanyeje? Ongeza neno moja tu, uandike "Mafia Island", na majambazi huondoka. Badala yao huja papa potwe, kuzamia baharini, hoteli za Utende, na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Hapo, ndugu wanachama, pana fundisho. Potwe hakuletwa Mafia na tovuti. Alikuwapo tangu enzi za mababu, akija karibu na Kilindoni kila mwaka tangu mwezi wa Oktoba hata Machi, na wavuvi wetu wakimjua. Lakini mgeni wa Ulaya hakumjua mpaka watu wengi, mmoja baada ya mwingine, walipoandika jina la samaki na jina la kisiwa mahali pamoja: wenye hoteli, wenye boti, wataalamu wa bahari, na wageni wenyewe waliporudi kwao. Sasa akiulizwa potwe, Mafia hutajwa. Akiulizwa karafuu, Mafia hunyamaziwa. Tofauti kati ya mambo haya mawili si kwamba potwe ni bora kuliko karafuu. Tofauti ni kwamba huyu aliandikwa na hii haikuandikwa.

Kwa hiyo, katika kila ukurasa wetu, yatupasa tuandike kwa ukamilifu: karafuu za Kisiwa cha Mafia, Tanzania. Tusiandike "bidhaa zetu bora", wala "karibuni wateja wote". Maneno hayo ni ya adabu, na mgeni akifika tumwambie. Lakini hapana mtu duniani anayekaa na simu yake akatafuta "bidhaa zetu bora". Mnunuzi hutafuta kitu kwa jina lake. Mwingereza ataandika "cloves", Mjerumani "Nelken", Mfaransa "clou de girofle", na mtu wa Muscat ataandika "qaranful" kwa herufi zake za Kiarabu, neno ambalo sisi wenyewe tulilichukua tukaita karafuu. Kila lugha tunayotaka kuuzia yafaa iwe na ukurasa wake, ulioandikwa au kusahihishwa na mtu aijuaye. Kwa bahati njema visiwani kwetu watu wanaojua Kiarabu na Kiingereza hawakosekani.

Tena yafaa tujue tofauti ya neno fupi na maneno marefu. Mtu aandikaye "karafuu" tu, huenda anaumwa jino, au anataka kujua namna ya kupika pilau. Wenye kugombania neno hilo ni madaktari, vitabu vya elimu na maduka makubwa ya dunia, nasi hatuwawezi. Lakini mtu aandikaye "kununua karafuu kavu kwa kilo kutoka Tanzania", huyo ana fedha mfukoni. Watu wa namna hiyo ni wachache, na wanaowajibu pia ni wachache. Huko ndiko kwetu. Chama kidogo hakihitaji wageni elfu kumi wa kutazama. Chahitaji wanunuzi kumi wa kweli.

TUJIITE ZANZIBAR?

Wako wanachama waliotushauri, kwa nia njema, kwamba tuandike "karafuu za Zanzibar", kwa sababu ndizo dunia izijuazo na ndizo zitafutwazo. Wametukumbusha kwamba mpaka mwaka 1890 kisiwa chetu kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba mkarafuu ni ule ule na bahari ni ile ile.

Mambo hayo ya historia ni kweli, lakini shauri hatulikubali. Kwanza, leo Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na karafuu ya Mafia si karafuu ya Zanzibar. Kuiuza kwa jina lisilo lake ni kumdanganya mnunuzi, na riziki ya namna hiyo haina baraka. Pili, wenzetu wa Unguja na Pemba wana utaratibu wao na shirika lao, ZSTC, ndilo linunualo karafuu za wakulima wao. Mnunuzi mwenye akili atauliza hati, nasi hatutakuwa nayo. Atatuacha, na atawaambia wengine. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mara tuandikapo jina la jirani juu ya gunia letu, twazidi kulizika jina letu wenyewe. Tutakuwa tumelipa fedha za Chama ili kuitangaza Pemba.

Tazameni wenzetu wa Sri Lanka. Kisiwa chao kiliitwa Ceylon, na nchi ilibadili jina mwaka 1972, lakini mdalasini wao waliulinda kwa jina la zamani lililokwisha kujulikana. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliandikisha jina la mdalasini wa Ceylon kuwa mali ya mahali pale, lisitumiwe na mdalasini wa kwingine. Leo mnunuzi huandika jina la kisiwa na jina la kiungo pamoja, kana kwamba ni neno moja. Hawakufika hapo kwa kukopa jina la jirani. Sisi tuko mbali sana na daraja hiyo, lakini njia ni hiyo, na hatua ya kwanza ni kwamba maneno "karafuu" na "Mafia" yaanze kuonekana pamoja.

NJIA ZA MKATO

Sasa tumfikie yule bwana wa mjini. Hatumjui kwa ubaya, wala hatutamtaja. Tulipomwuliza atafanya nini ili tuwe wa kwanza kwa wiki mbili, alitaja mambo mawili. La kwanza, kulijaza neno "karafuu" katika kurasa zilizofichwa, ambazo mtu hazioni ila karani wa Google huzisoma. La pili, kununua viungo kutoka tovuti za watu wasiotujua, ili tuonekane tuna mashahidi wengi.

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa na wakubwa kuliko sisi. Mwezi wa Februari 2006 Google iliitoa kabisa katika daftari lake tovuti ya Ujerumani ya BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya kuuhadaa mtambo, huku mgeni akipelekwa ukurasa mwingine. Ilirudishwa baada ya kurasa hizo kuondolewa. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa na viungo vingi sana vilivyowekwa kwa malipo katika tovuti zisizohusiana nalo. Google ikalishusha kutoka juu mpaka mbali chini. Makampuni hayo yana mawakili na mafundi wengi, yaliweza kusimama tena. Chama chetu kikifutwa daftarini, nani atakwenda kutuombea?

Na Google wenyewe wameandika katika mashauri yao kwa wenye tovuti kwamba hapana mtu awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Mwenye kuahidi asichokimiliki, mwogopeni. Njia ya mwongo ni fupi.

Iko njia nyingine ya malipo ambayo si ya udanganyifu: kununua tangazo, nalo huonyeshwa wazi kuwa ni tangazo. Hatusemi ni vibaya. Huenda wakati wa mavuno likafaa kwa siku chache. Lakini tangazo ni kama kukodi meza sokoni. Kodi ikiisha meza huondolewa. Kazi tunayoisema sisi ni kama kupanda mkarafuu. Miaka ya mwanzo huoni kitu, jirani anakucheka. Ukisha kuzaa, humzalia hata mjukuu. Ukurasa ulioandikwa vizuri hauhitaji miaka mingi hivyo, lakini huhitaji miezi, na wanachama wasitazamie matunda kabla ya wakati wake.

KAZI YENYEWE

Hebu tuseme kazi zenyewe, ili kila mmoja aone kama zaweza kufanywa na watu wetu.

La kwanza ni jina la tovuti. Liandikishwe kwa jina la Chama, liishie kwa .or.tz au .co.tz ili mgeni ajue mara moja nchi tuliyoko, na ada yake ya kila mwaka isicheleweshwe. Neno la siri liwekwe ofisini, na viongozi wawili walijue. Akiachiwa kijana mmoja, siku atakayohama atakuwa ameondoka na ufunguo wa nyumba.

La pili, kila habari iwe na ukurasa wake na kichwa chake. Karafuu kavu ukurasa wake, makonyo ukurasa wake, namna ya kuagiza ukurasa wake. Kichwa kisemacho "Mwanzo" hakimwambii karani lo lote. Kichwa kisemacho "Karafuu kavu kutoka Kisiwa cha Mafia, Tanzania" kimekwisha kusema kila kitu.

La tatu ndilo roho ya kazi yote: tuandike yale mnunuzi anayotaka kujua. Karafuu huchumwa lini? Hukaushwa vipi? Unyevu wake kiasi gani? Hufungwa katika magunia ya kilo ngapi? Husafirishwaje? Haya fundi wa mjini hayajui, ninyi ndio myajuao. Mwajua kwamba tumba huchumwa kabla halijafunguka. Kwamba hutengwa na makonyo. Kwamba huanikwa juu ya majamvi safi, si juu ya mchanga wala kando ya barabara. Na kwamba karafuu iliyokauka vizuri huvunjika kwa sauti ukiikunja, na kichwa chake hakikudondoka. Mwajua kwamba kipimo cha unyevu kinachotakiwa katika biashara ya dunia ni kisichozidi asilimia 12. Mwajua boti ya Nyamisati na njia ya barabara mpaka Dar es Salaam. Andikeni hayo, na mmekwisha kuifanya nusu ya kazi ambayo watu wengine hulipisha fedha nyingi.

La nne ni picha. Ziwe nyepesi, na kila moja iwe na maelezo yake kwa maandishi, maana karani huyategemea sana maandishi kujua picha ni ya nini. Picha iliyoitwa kwa namba tu ni kama gunia lisilo na alama.

La tano, ukurasa usomeke katika simu na ufunguke upesi. Watu wetu wananunua bando kwa taabu, na hata mnunuzi tajiri hana subira. Mapambo mengi yanayozunguka na kumetameta ni uzito wa bure.

La sita, tuandikishe ofisi yetu ya Kilindoni katika ramani ya Google. Jambo hili halina malipo. Jina la Chama, simu na mahali viandikwe namna moja kila mahali, ili karani asidhani sisi ni vyama vitatu.

La saba, tupate mashahidi wa kweli. Hoteli za Utende na za Chole hutia karafuu katika chai na pilau za wageni wao. Tuwaombe waandike katika tovuti zao karafuu hizo hutoka kwa nani, na waweke kiungo kuja kwetu. Tuwaombe vivyo hivyo watu wa halmashauri ya wilaya, shule zetu, na waandishi wa habari wanaofika kisiwani. Shahidi mmoja anayetujua ni bora kuliko mashahidi mia wa kununuliwa.

La nane, tupime. Google hutoa bila malipo chombo cha kumwonyesha mwenye tovuti watu walitafuta maneno gani hata wakafika kwake, na walikuwa wangapi. Sisi ofisini tungependa hesabu hiyo ichapwe katika jarida hili kila toleo, ili mwanachama aone fedha yake imekwenda wapi, na tujue ni ukurasa gani unafaa na upi uandikwe upya.

KIZURI CHAJIUZA?

Wazee wetu watatujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ni ya kweli, lakini ilisemwa sokoni, mahali ambapo kizuri na mnunuzi wako pamoja, na mtu anaweza kukishika na kukinusa. Harufu ya karafuu haipiti katika simu. Mtu wa Hamburg hawezi kuinusa karafuu iliyo juu ya jamvi Kirongwe. Lililo badala ya harufu kwake ni maandishi yetu.

Tena tutazame jinsi ilivyo sasa. Mkulima wetu humjua mchuuzi anayekuja shambani, na mchuuzi humjua mnunuzi wa mbali. Mkulima na mnunuzi hawajuani. Hatumlaumu mchuuzi, amefanya kazi ya kutafuta, na mwenye kujua pande mbili ndiye apangaye bei. Lakini siku ambapo mnunuzi mmoja tu ataweza kupiga simu ofisini kwetu na kuuliza, mchuuzi naye atajua kwamba tuna mwingine wa kumwuzia. Hata kama karafuu hazikuuzwa kwa huyo aliyepiga simu, bei ya shambani itakuwa imesikia habari hiyo. Karafuu isiyoonekana haiulizwi bei, huambiwa bei.

Liko neno moja la kuonya, nalo tulisema wazi. Mikarafuu yetu si mingi kama ya Pemba, na si kila mwaka huzaa sawasawa. Tukionekana, wataoitika wataomba mzigo mkavu, safi, wa kutosha, kwa wakati. Akija mnunuzi akapewa karafuu yenye unyevu au iliyochanganywa na makonyo, malalamiko yake nayo yataandikwa katika intaneti, na karani wa Google atayatia daftarini kama alivyotia sifa zetu. Kwa hiyo kazi ya tovuti huanzia jamvini. Asiyetaka kukausha vizuri asitake kuonekana.

Basi katika mkutano mkuu tutawaomba mpitishe mambo matatu. Kwanza, ada ya jina na mahali pa kuiweka tovuti ilipwe kila mwaka kutoka mfuko wa Chama, kama ilipwavyo pango la ofisi. Pili, kijana mmoja wa hapa hapa kisiwani, mwenye elimu ya sekondari na mkono mwepesi, apewe posho ya saa chache kila wiki kuandika na kusahihisha kurasa. Tatu, asilipwe mtu ye yote kwa ahadi ya nafasi ya kwanza.

Na kabla ya siku hiyo, kila tawi lituletee picha mbili za mikarafuu yake, jina la shamba, na maelezo ya namna wanavyochuma na kuanika, yaliyoandikwa na wenye mashamba wenyewe. Msiogope kwamba Kiswahili chenu si cha kitabuni. Iandikeni karafuu kama mwijuavyo, kwa jina lake na jina la kisiwa chake, na sisi tutaipeleka.

Wenu katika kazi ya Chama,
Katibu